Sketi ya mita tisini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba mwanamke aliyezoea kazi nyingine akijiingiza kwenye kompyuta anajisumbua bure.

Nimeshona nguo miaka 14 hapa Ngamiani, Tanga. Mgongo ulipoanza kugoma nilijiandikisha darasa la programu, nikiwa na miaka 38. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza kama nimemsindikiza mwanangu. Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kukaa nyuma kabisa. Wiki sita sikuuliza swali hata moja. Usiku nayaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, asubuhi nayaona ya kijinga, nayakata.

Tulipoambiwa kila mtu atengeneze kitu cha kazi anayoijua, niliandika kikokotoo kwa Python, lugha ya kuandikia programu (si kile cha mafao, wastaafu msishtuke). Unaingiza kipimo cha nyonga, kisha sentimita za kuongeza ili sketi isibane, kinajumlisha. Nikaingiza 90, kisha 10. Kikajibu 9010. Sketi ya mita tisini! Nilifunika kompyuta haraka jirani asione, nikajiambia basi, rudi kwenye cherehani.

Kumbe Python hupokea unachochapa kama maandishi, hata kiwe tarakimu, mpaka uiambie kwamba hii ni namba. Haikujumlisha, iliunganisha 90 na 10 kama viraka viwili. Darasa karibu zima lilikwama hapohapo.

Leo nalipwa kujaribu programu kabla hazijatoka. Ni kama kugeuza gauni ndani nje kukagua mishono. Juzi nilirudisha moja iliyokubali mteja aliyezaliwa mwakani. Hofu haijaisha: ripoti naisoma mara tatu ndipo niitume. Vijana wenzangu wanatuma, wanakosea, wanaomba radhi, wanakwenda kunywa chai.

Huyo msomaji, kama hajui, ENIAC, kompyuta ya zamani iliyotambulishwa Marekani mwaka 1946, iliandaliwa programu na wanawake sita. Lakini si lazima aende mbali hivyo. Aje Barabara ya 12 nimwonyeshe lile daftari. Lina maswali 41 niliyoyakata. Mengi yaliulizwa baadaye na wavulana wa mbele, na mwalimu akawaambia, "Swali zuri."

Fundi wa Ngamiani,
Tanga