Alama 100 si idadi ya watu

Mhariri,

Ramani za Google Trends (huduma ya Google inayoonyesha maneno yanayotafutwa mtandaoni) zinazotangaza mkoa "unaoongoza" kutafuta ugonjwa fulani husomwa vibaya, na wasomaji hupotoshwa. Alama 100 hupewa mkoa ambao neno hilo lina uzito mkubwa zaidi ndani ya utafutaji wote wa mkoa huo. Kwa hiyo Katavi yaweza kuipita Dar es Salaam hata kama waliotafuta huko ni wachache mno. Sifuri nayo humaanisha data haikutosha.

Takwimu hutokana na sampuli, hivyo mikoa yenye watumiaji wachache huyumba. Chukueni kipindi cha miezi 12, rudieni siku tofauti, mpate wastani. Unganisheni majina ya ugonjwa uleule kwa alama ya kujumlisha: kichocho + bilharzia. La sivyo mtakuwa mmepima lugha, wala si ugonjwa.

Msomaji, Dodoma