YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAIRI LINALOPUNGUA UPEPO

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mwezi wa pili nilinunua kwenu matairi manne mapya ya Noah yangu, mkayafunga hapo hapo dukani. Tangu wiki ile, la nyuma kulia linapungua upepo. Nikijaza upepo wa PSI 32 Jumatatu, Ijumaa nakuta 21, hata kama gari limelala tu nyumbani.

Nimerudi kwenu mara tatu. Mara ya kwanza kijana alijaza upepo akasema, "Mama, ni joto hili la Dar." Joto huongeza upepo ndani ya tairi, halipunguzi. Na kwa nini lisumbue moja, yale matatu liyaache? Mara ya pili mlilizamisha kwenye beseni lisilofunika hata nusu yake, mkalizungusha haraka mkalitoa. Mara ya tatu mliniuzia dawa ya kuziba kwa shilingi 35,000, mkaniambia ikishindikana ninunue tairi jingine. Jingine, na hili halijatimiza miezi miwili!

Jumamosi moja hivi karibuni nilikuwa nampeleka mama yangu Chalinze. Kabla ya Mlandizi nikahisi nyuma ya gari inayumba, nikasimama kwa fundi pancha wa kando ya barabara. Alipima: 17. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, linapata moto na linaweza kupasuka. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya tairi hilo hilo.

Yule fundi alijaza upepo, akakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akapaka kwa brashi. Kwanza sehemu inayokanyaga barabara: kimya. Akapaka kwenye valvu: kimya. Akapaka pale tairi linapokutana na rimu, akachuchumaa, akasubiri. Baada ya dakika nzima hivi vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo, vyeupe, vimejipanga kwa urefu wa kidole. Alipolitoa tairi akanionyesha: ukingo wa rimu umeota ungaunga mweupe wa alumini iliyoliwa, na mabaki ya mpira wa tairi langu la zamani bado yameganda. Rimu haikusafishwa kabla ya kufunga tairi jipya. Akasugua kwa brashi ya waya, akafuta, akafunga. Shilingi 10,000. Leo ni siku ya tisa, upepo ni 32.

Naomba mnirudishie shilingi 35,000 za dawa na 10,000 nilizomlipa fundi. Naomba pia mfungue matairi matatu yaliyobaki, rimu zake zisafishwe nikiwepo, bila malipo. Na vijana wenu wafundishwe kupaka sabuni hadi kwenye ukingo wa rimu na kusubiri, kabla ya kumwambia mteja anunue tairi.

Risiti zote mbili za kwenu nimeambatanisha pamoja na picha ya rimu. Nitafika dukani Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi.

Wako,
Mteja mwenye Noah ya rangi ya fedha