Wabunifu wa michezo ya mezani nasi tupeni kona

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi natengeneza michezo ya mezani, sio ajira, ni kitu nakipenda tu, na mwaka huu karibu wote umeishia kwenye mchezo mmoja wa kadi na dadu. Watu wanadhani kazi kubwa ni kuchora ubao, hapana jamani, kazi ni hesabu na watu. Ukirusha dadu mbili kuna matokeo 36, jumla ya saba inapatikana kwa njia 6 ila kumi na mbili ni njia moja tu, sasa ukiweka zawadi kubwa kwenye saba mchezo unaisha fasta na wachezaji wanaboeka, ndo maana nakata kadi za karatasi, tunacheza, nabadilisha, tunacheza tena. Mjerumani Klaus Teuber alikuwa fundi wa meno bandia alipobuni Catan, mchezo wa mezani maarufu duniani uliotoka 1995, kwa hiyo msituone tunapoteza muda. Mwakani nataka sheria zangu zieleweke kabisa, niwape watu wasionijua wazisome wenyewe wacheze, mi nikae kimya pembeni niandike wanapokwama. Kurasa za mpira mnazo nyingi, tupeni hata kona moja kwa wiki, wabunifu tupo.