Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Mashine za Mapato Zina Kufuli, Mafaili ya Watoto Yako Koridoni

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na ikiwezekana ikukute ofisini, maana kwa katibu muhtasi wako nimezoea kuambiwa upo kikaoni.

YAH: CHUMBA

Halmashauri sitaitaja. Mkoa wa Arusha una halmashauri saba. Wakurugenzi sita wakisoma hapa watajiuliza nasema nini, wa saba anajua. Utumishi wa umma una taratibu zake, nami nimezifuata kupitia kwa mkuu wangu wa idara mpaka dokezo likachakaa mikononi mwa watu. Sasa naandika hadharani.

Jumatatu iliyopita nilifika kazini nikakuta kufuli la chumba chetu cha ustawi limebadilishwa. Mafaili yalikuwa yametolewa. Mengine yametiwa kwenye viroba, mengine yamepangwa juu ya benchi la koridoni, lile wanalokalia wananchi wanaosubiri leseni za biashara. Ndani ya chumba kuna meza mpya, na juu yake posi za kukusanyia ushuru zinachajiwa. Mlango umeongezewa geti la nondo. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba mashine zile ni mali ya serikali, zinahitaji usalama.

Sawa. Na faili la mtoto aliyebakwa ni mali ya nani?

Hujawahi kuingia chumba kile (nasema bila ubaya, njia ya kwenda kwako haipiti huko), kwa hiyo nikueleze faili linabeba nini. Mtoto akiletwa, iwe na mwenyekiti wa mtaa, na mwalimu, na Dawati la Jinsia la polisi au kwa taarifa iliyopigwa 116, ile namba ya simu ya msaada kwa watoto, tunaanza na tathmini. Nani analala chumba kipi. Nani anakunywa. Mama yuko wapi. Mkono ulivunjikaje. Yote yanaandikwa, pamoja na majina. Kisha kuna maelezo ya daktari, mpango wa huduma, barua za rufaa, na taarifa za kila ziara ya ufuatiliaji mpaka shauri lifungwe. Mambo mengine mtoto ameyasema mara moja tu maishani mwake, na aliyasema kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama ya watoto isikilize mashauri faragha. Hakimu anawatoa watu nje ili mtoto aongee. Sisi maelezo yake yaleyale tumeyaweka kwenye benchi, karibu na ndoo ya kunawia. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 94, inaipa serikali ya mtaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Haikumpa afisa ustawi peke yake, Ndugu Mkurugenzi. Imeipa halmashauri, na halmashauri mtendaji wake mkuu ni wewe.

Siku hiyohiyo mchana alipita kijana mmoja wa kikundi chetu cha Jumamosi. Alikuja kuulizia cheti chake cha kuzaliwa tulichokuwa tunamfuatilia. Akakuta mzee mmoja wa foleni ya leseni anapepea joto kwa faili, na jalada lina jina la kijana yule kwa maandishi ya maka. Mzee hakuwa na nia mbaya, alikuwa anapata hewa tu. Kijana alilitazama, akanitazama mimi, akaondoka. Jumamosi hakuja. Wenzake wachache waliokuja walikaa kimya, na mmoja akaniuliza mbele ya wote: "Madam, na langu lipo pale?"

Nina zaidi ya miaka kumi kwenye kazi hii. Nilitoka Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, nikaanzia Mirerani, kwa watoto waliokuwa wakiitwa nyoka kwa sababu miili yao midogo ilipenya kwenye mashimo ya tanzanite. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mtoto wa namna ile humpati kwa hotuba. Unampata kwa kukaa naye duara moja, wiki hadi wiki, mpaka siku moja aropoke. Kikundi cha vijana kinaendeshwa hivyo. Kanuni wanazitunga wao wenyewe, na ya kwanza siku zote ni ileile: ya humu hayatoki humu. Mpiga debe wa stendi, mbeba mizigo wa sokoni, awe wa Kilombero au Tengeru, binti aliyetimuliwa kazi za ndani bila hata nauli, wote wanaikubali hiyo kabla ya kutaja hata majina yao.

Nakumbuka afisa mmoja wa makao makuu yetu aliniuliza kikundi kinazalisha nini na kama kimeomba mkopo wa asilimia 10, ule unaotengwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Najua mgawanyo wake: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri. Lakini kijana anayenusa gundi hawezi kuandika katiba ya kikundi. Kwanza aache gundi. Kwenye fomu hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba wawili waliacha.

Labda tatizo ndilo hilo, hatuingizi ushuru. Au labda mlizoea kwamba watoto ni kazi ya wafadhili, na tangu misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, na baadhi ya miradi kufungwa, mkaona na kazi yenyewe imekwisha. Sijui, nabahatisha, maana hakuna aliyeniandikia sababu. Watoto hawajasimamishwa. Mabasi ya Singida na Babati bado yanawashusha.

Na kuwarudisha kwao ni nauli. Arusha hadi Babati ni kilomita kama 170, na mtoto hasafirishwi kama kifurushi. Unakwenda naye, unakaa na familia, unarudi, halafu unakwenda tena kuangalia kama bado yupo. Fungu likisema halina kitu, natoa mfukoni. Vocha natoa mfukoni. Mume wangu ameshaacha kuuliza mshahara umekwenda wapi, na mwanangu anaijua sauti ninayoitumia kwenye simu za usiku.

Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, ulipanda jukwaani. Kipaza sauti kilikuwa kizima na mimi nilikaa safu ya pili. Ulituahidi ofisi yenye faragha, kabati la chuma, na pikipiki. Tulipiga makofi, watoto wakaimba, ukapiga nao picha. Picha ile bado ipo kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri. Ukisimama kuitazama, viroba vya mafaili viko mguuni pako.

Pikipiki, ifute. Nitaendelea kupanda bodaboda. Posho ya ziara, ifute. Kabati la chuma nitaongea na fundi, tutaelewana kwa mafungu. Hata ofisi usijenge.

Naomba chumba chenye mlango. Kile kile cha zamani, au stoo, au kilichokaa maturubai ya sherehe, mradi kina mlango unaofungwa na ufunguo uwe kwa afisa ustawi. Posi zinaweza kulala kwa mhasibu, ambaye tayari ana sefu. Mafaili hayana pengine pa kulala.

Naomba chumba hicho kabla ya Jumamosi, Ndugu Mkurugenzi. Kijana aliyeuliza kama na lake lipo pale bado hajajibiwa.

Wako mtiifu,

Afisa Ustawi wa Jamii
Arusha