Changarawe inatosha kuwa mwamuzi

Mhariri,

Nimefuatilia mbio za Formula 1 kwa miaka mingi hapa Buruburu, na jambo moja linaniuma: matokeo kubadilishwa mashabiki wakiwa wameshazima televisheni. Mwaka 2023 huko Austria, waamuzi waliletewa zaidi ya visa 1,200 vya magari yaliyoshukiwa kuvuka mstari mweupe wa ukingo wa njia ya mbio. Wangevikagua vyote saa ngapi? Timu ya Aston Martin ilipowasilisha malalamiko, madereva wanane waliadhibiwa saa kadhaa baada ya mbio. Carlos Sainz, aliyemaliza wa nne, akashushwa hadi wa sita.

Sheria yenyewe haina utata: dereva asitoke nje ya mstari na gari zima. Lakini kwenye kona za mwisho za uwanja ule, nje ya mstari palikuwa na lami, na lami humzawadia aliyekosea. Sisi wa Jogoo Road tunalijua hilo. Matatu hupanda kando ya barabara kwa sababu pako wazi, na polisi hawezi kusimama kila hatua. Panga mawe pale, uone kama kuna atakayethubutu.

Mwaka 2024 uliwekwa ukanda wa changarawe kwenye kona hizo, ya 9 na ya 10, na visa vikapungua mno. Najua pikipiki nazo hushindana pale, na usalama wao lazima uzingatiwe. Hata hivyo, ukanda mwembamba uliwezekana. FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio hizi, idai hivyo kwenye kila uwanja wenye lami pana, kabla ya kuongeza kamera.

Mpenzi wa mbio za magari,
Buruburu, Nairobi