YAH: Malalamiko kuhusu ripoti ya kinyama cha ini isiyojibu swali lililoulizwa

Ndugu Mkurugenzi wa Maabara,

Tunalalamikia ripoti ya kinyama cha ini (kipande kidogo kilichotolewa kwa sindano ili kipimwe) cha mgonjwa wetu aliyewahi kugunduliwa saratani mbili tofauti, ya titi na ya pafu. Fomu ilizitaja zote, na swali lilikuwa moja: vivimbe vya ini vimetokana na ipi? Mkajibu: "Adenokasinoma iliyosambaa, CK7 chanya, CK20 hasi."

Jibu hilo (saratani ya seli za tezi, yenye protini ya CK7 na isiyo na ya CK20) halitenganishi chochote. Saratani ya titi na adenokasinoma ya pafu kwa kawaida zote hutoa matokeo hayo hayo. Nyama imekatwa, pesa imelipwa, sisi tuko pale pale.

Tulitarajia viashiria vya chanzo cha saratani, yaani TTF-1 na Napsin A kwa upande wa pafu, GATA3 na kipokezi cha estrojeni kwa upande wa titi, vipimwe kwa pamoja. Kimoja pekee hupotosha: takriban adenokasinoma moja kati ya tano za pafu haioneshi TTF-1, na baadhi yake huonesha kipokezi cha estrojeni. Tena hili ni ini. Baadhi ya kingamwili (vitendanishi vya kupaka rangi) za TTF-1 hupaka rangi sehemu iliyo nje ya kiini katika seli za ini zenyewe, kwa hiyo rangi inayohesabika ni ile iliyo ndani ya kiini cha seli ya saratani tu. Msomaji asiyelizingatia hilo ataandika "pafu" kimakosa.

Bloku (vipande vya nyama vilivyohifadhiwa ndani ya nta) za saratani zote mbili za awali tuliwaletea ili mlinganishe. Zimerudi na utepe wa bahasha haujakatwa!

Tunaomba kazi irudiwe bila malipo. Bloku ikirudishwa kwenye mashine ya kukatia hulazimika kusawazishwa upya, na kinyama chembamba kama uzi huishia hapo. Basi kateni mara moja slaidi zote za mikroni 4 zisizopakwa rangi, mkitenga za kipimo cha jeni ya EGFR, maana ikiwa ni pafu, dawa itategemea hilo. Ikiwa ni titi, tutahitaji vipimo vya protini ya HER2 na vya vipokezi vya homoni, kwa sababu hiyo hiyo ya dawa.

Kama nyama iliyobaki haitoshi, msiikate. Tupigieni simu kwanza, kwa kuwa kumchoma mgonjwa sindano ya ini mara ya pili kuna hatari ya kuvuja damu, na uamuzi huo ni wetu pamoja naye.

Wenu,
Madaktari wa Kitengo cha Saratani