Msamaha wa kodi ya jengo ni bure, wazee wetu wanauziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba, hasa wazee na watoto wa wazee, kuhusu watu wanaopita mitaani wakijinadi kwamba wanaweza kupunguza au kufuta kabisa kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Huku kwetu Kihonda wamepita. Kwa mama yangu mdogo waliingia hadi sebuleni.

Mama mdogo ana miaka 68, mjane, anaishi kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Alikuwa Dodoma kwa bintiye miezi miwili. Aliporudi akanunua umeme wa 5,000 pale dukani anaponunua siku zote, akaletewa uniti za shilingi 500. Alilalamika palepale dukani, kwa sauti, mbele za watu. Nashuku maneno yake ndiyo yaliyomletea mgeni.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, akabisha hodi kijana kavaa rifleta, kitambulisho kinaning'inia shingoni, faili mkononi. Shikamoo mama, marahaba. Akaomba maji ya kunywa, kisha akaomba kuona mita. Akaisoma namba yake kwa sauti, akapekua karatasi zake, akatikisa kichwa. "Mama, mfumo unaitambua nyumba yako kama ghorofa. Ndiyo maana umekatwa hela nyingi. Mwezi ujao ni 7,500." Mtu anayenunua umeme wa 5,000 ukimtajia 7,500 umemwambia alale giza.

Wala hapakuwa na ghorofa yoyote kwenye mfumo. Kodi ya nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, na usiponunua umeme haifutiki, inakusubiri. Miezi miwili ya Dodoma na mmoja wa kurudi ni mitatu, jumla 4,500. Katika 5,000 ikabaki 500. Hesabu ya darasa la tatu, lakini nani aliwahi kukaa na mama huyu akamfafanulia? Aliyekuwa wa kwanza kumweleza jambo lolote kuhusu kodi hiyo ni mwizi.

Yule kijana hakuishia kwenye vitisho. Ipo fomu ya msamaha ya wazee, akasema, ada yake ni 45,000. Ukilipa leo jina linaingia kabla mwezi haujaisha na hukatwi tena hadi unaingia kaburini. Mama akasema basi ngoja kesho aende ofisini mwenyewe akaulize. Hapo kijana akashusha sauti: "Ukienda watakuuliza kile chumba cha uani analala nani."

Analala mjukuu wake, anayesoma, na halipi hata senti. Lakini neno lile lilimwingia. Aliona kama ana siri, na kwamba huyu kijana anamsaidia kuificha. Akatuma 45,000 kwa simu, kwa namba ya mtu binafsi. Akapewa risiti ya kile kitabu cha dukani chenye karatasi ya kaboni, imegongwa mhuri wa zambarau usiosomeka. Mwezi uliofuata LUKU ikakata 1,500 kama kawaida. Akajipa moyo kwamba jina bado linapanda mfumoni. Miezi mitatu alijipa moyo, namba ya kijana haipatikani, na sisi watoto hatukuambiwa, kwa sababu ya kile chumba cha uani.

Mhariri, kinachoniuma kuliko hiyo 45,000 ni kwamba mama huyu alinunua kitu ambacho tayari kilikuwa chake. Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60, au mwenye ulemavu asiye na kipato, anayeishi kwenye nyumba yake, anasamehewa kodi ya jengo kwa nyumba hiyo moja ya makazi. Haki hiyo haiuzwi. Anachotakiwa ni kuiomba, maana mita haijui umri wa mtu.

Na hata asingekuwa na haki hiyo, tupige hesabu. Kodi hii ilipoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kwa nyumba kama ya mama mdogo ni 18,000 kwa mwaka. Kishoka, yaani yule wakala wa uongo, alichukua kodi ya miaka miwili na nusu kwa ahadi ya kuifuta.

Niwe mkweli, vishoka wanapata soko kwa sababu yapo makosa halisi. Jirani yangu ana nyumba moja, si ghorofa, lakini kila mpangaji ana mita yake. Mita ziko tatu, na zote zilikuwa zinakata. Jengo moja linalipiwa mara tatu, 4,500 kila mwezi. Naye alifuatwa, akaambiwa 20,000 kwa kila mita "kuifungua". Huyu ni fundi magari, mtu wa kubishana, akabeba risiti tatu za LUKU akaenda mwenyewe kueleza kwamba jengo ni moja. Kodi ikabaki kwenye mita moja. Alipoteza asubuhi moja na nauli ya bodaboda. (Wapangaji wake wanadai warudishiwe walichokatwa, na wana haki, kwa kuwa kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba hata kama inapita kwenye umeme wa mpangaji. Ugomvi huo niwaachie wenyewe.)

Turudi kwa mama mdogo, kuna jambo nililichelewa kulijua. Yule kijana alipiga picha kitambulisho chake cha NIDA, pande zote mbili, na akaomba aone ofa ya kiwanja, ile barua ya kumilikishwa, "ahakikishe ukubwa". Ofa nayo akaipiga picha. Nilipolisikia hilo nilikaa chini. Pesa ya kodi ni ndogo, lakini picha ya ofa na namba ya NIDA mikononi mwa tapeli ni mwanzo wa kesi ya kiwanja. Tumeripoti polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, na maelezo yameandikwa. Nawaomba wenzangu: msamaha wa kodi ya LUKU hauhitaji mtu asiyemjua aondoke na picha ya hati yako. Wala hauhitaji umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, hizo ni za kukufungulia pesa zako. Malipo halali ya serikali yana kontroo namba, namba ya kumbukumbu ya malipo, na ukiiingiza kwenye simu jina linalotokea ni la taasisi, si la kijana wa rifleta. Akikutumia meseji, peleka namba yake kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kabla hujaifuta meseji hiyo.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Matangazo ya kodi hii tuliyasikia sana mwaka 2021, redioni na kwenye magari ya vipaza sauti, lakini yalihusu kulipa. Lile la kusamehewa lilisemwa mara moja, kwa kasi, mwishoni. Libandikwe basi kwenye mlango wa kila ofisi ya serikali ya mtaa, kwa herufi ambazo mzee anaweza kusoma bila miwani: nani anasamehewa, aende wapi, abebe nini, na kwamba halipii. Wajumbe wa mitaa wanajua nyumba za wazee moja moja. Wakati wa kuandikisha wapiga kura huwa wanazifikia zote. Wakizipitia mara moja kwa ajili ya hili, kishoka atakuta mlango ulishabishwa hodi.

Sisi tulimpeleka mama mdogo wenyewe. Mtendaji akaandika barua, tukabeba kitambulisho na risiti ya LUKU, tukaenda mara mbili kwa sababu mara ya kwanza tulisahau kivuli cha kitambulisho. Hicho chumba cha uani hakuna aliyekiuliza. Sasa akinunua umeme wa 5,000, ule mstari wa kodi kwenye meseji haupo.

Ile risiti ya mhuri wa zambarau nilitaka kuichana, akanikatalia. Ameibandika ukutani juu ya mita, na kila anayebisha hodi na faili anaonyeshwa hiyo kwanza kabla ya kupewa maji.

Msomaji wako,
Kihonda, Morogoro